Sikukuu za Dubai na Imarati yote: namna ya kujipanga kabla mwezi haujaandama

Usiku wa mwezi 29 Ramadhani kwenye chumba chetu cha Deira hapa Dubai, vitanda vitatu vya ghorofa watu sita, halali mtu. Kila mmoja simu mkononi, huyu anafungua na kufunga ukurasa wa WAM lile shirika la habari la serikali, yule kaweka tivii ya Kiarabu na haelewi hata neno moja ila anasubiri sura ya msomaji ibadilike, na kwenye grupu la watsap la kazini swali ni hilohilo kwa lugha tano, kesho shifti ipo au haipo? Supavaiza kimya. Sio kwamba anaringa, hata yeye hajui. Magharibi imeshapita, watu wa kamati ya mwezi wamekaa, na mpaka waseme neno hakuna mtu nchi nzima kuanzia tajiri wa maghorofa mpaka mpiga deki anayejua kama kesho ni Idi au ni funga ya thelathini.

Naandika hii kwa sababu kila mwaka kuna mtu mpya anafika huku, au mfanyabiashara anakuja kufunga mzigo wake siku nne tu, anauliza "Idi ni tarehe ngapi?" nikimwambia subiri anaona namzungusha. Sikuzungushi ndugu yangu. Ukishajua sikukuu za huku zinavyofanya kazi utaacha kung'ang'ania tarehe moja, utakuwa unaacha nafasi ya siku mbili tatu huku na huku, na mambo yako ya benki, kago, viza na tiketi unayamaliza kabla ya ule usiku wa 29.

Anza na wikendi kwanza maana wengi wanateleza hapo. Tangu Januari 2022 serikali ya Imarati, yaani Falme za Kiarabu, inafanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa, Ijumaa yenyewe nusu siku mpaka saa sita mchana, halafu Jumamosi na Jumapili wanapumzika. Zamani ilikuwa Ijumaa na Jumamosi, na bado kuna jamaa wanakuja na akili ya zamani wanaenda ofisi ya serikali Jumamosi asubuhi wanakuta kufuli. Sharjah wao wamejiongeza, Ijumaa yote hawafanyi kazi kwa hiyo wana siku tatu, na Sharjah na Dubai ukuta ni mmoja, usichanganye. Oman na Saudia wamebaki na Ijumaa na Jumamosi, hii ikusaidie kama mzigo wako unapita huko. Kampuni binafsi hazilazimiki kufuata ya serikali, sheria inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko kwa wiki yenye malipo, kwa hiyo wengi wetu wa maduka, hoteli na sekyuriti wikendi tunaisikia redioni tu.

Sasa siku zenyewe. Za tarehe ya kizungu ni mbili tu: mwaka mpya Januari 1, na sikukuu ya taifa Desemba 2 na 3 ambayo siku hizi wanaiita Eid Al Etihad, ndio siku Imarati zilipoungana mwaka 1971, zikiwa sita, Ras Al Khaimah akaingia mwaka uliofuata. Zilizobaki zote ni za mwezi mwandamo. Na hapa sisi tuliokulia Kiswahili tuna bahati, ile hesabu ya bibi zetu ya mifunguo, yaani miezi inayohesabiwa tangu Ramadhani iishe, inafanya kazi vizuri kuliko kalenda ya ukutani: Idi ndogo ni Mfunguo Mosi, siku ya 1 mpaka ya 3. Arafa ni siku ya 9 ya Mfunguo Tatu, na Idi kubwa 10 mpaka 12, kwa hiyo Arafa na Idi zikishikana unapata siku nne mfululizo. Mwaka mpya wa Kiislamu siku ya 1 ya Mfunguo Nne. Maulidi siku ya 12 ya Mfunguo Sita. Basi. Jumla siku 12 kwa mwaka, na inakuwa ya 13 kama Ramadhani ikitimia thelathini, maana ile siku ya 30 nayo wanaihesabu ni likizo.

Angalia pia kitu ambacho hakimo. Krismasi ni siku ya kazi kama kawaida, Pasaka kazi, Mei Mosi kazi. Miraji ilikuwepo ikatolewa mwaka 2019. Kwa hiyo wewe Mkristo unayetaka kwenda kanisani Desemba 25 omba ruhusa mapema, na ukiomba kistaarabu wiki mbili kabla wengi wanakupa, usisubiri tarehe 24 usiku ndio umtumie bosi ujumbe wenye emoji za kulia.

Tuje kwenye mwezi wenyewe maana ndio unaosumbua. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka sikukuu zinarudi nyuma kama siku kumi na moja hivi, Idi uliyoikuta ya jua kali itakuja ya baridi ukikaa sana. (Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, wanaopenda daku mjiandae.) Mwezi ni siku 29 au 30, hakuna 31, na ukishajua hivyo tarehe ya Idi inabaki kati ya siku mbili tu, sio fumbo kubwa kihivyo. Ila kuna tofauti moja watu hawaizingatii. Idi ndogo unaijua usiku wa kuamkia, yaani masaa kumi na kitu tu kabla, kwa sababu mwezi unaotafutwa ndio huohuo unaoanza na Idi yenyewe. Idi kubwa iko siku ya kumi ya mwezi, kwa hiyo mwezi wa Mfunguo Tatu ukiandama tu unahesabu kidole kwa kidole na una zaidi ya wiki nzima ya kupanga. Ndio maana mimi safari ya nyumbani naifunga kwenye Idi kubwa, Idi ndogo sinunui tiketi ya karibu karibu hata unipe kwa nusu bei.

Mfano wa kweli ni 2025. Utabiri mwingi wa wanajimu ulikuwa unaelekea Jumatatu Machi 31, watu wakajipanga hivyo, kuna waliopanga kufua na kunyoa Jumapili. Jumamosi usiku ikatangazwa mwezi umeonekana, Idi kesho Jumapili Machi 30, Saudia hivyohivyo. Oman hapo jirani wakafunga thelathini wakala Idi Jumatatu, na nyumbani Tanzania pia Jumatatu. Nimepiga simu kwa mama Jumapili saa tano asubuhi nimeshiba biriani, nasema Idi mubaraka mama, ananijibu kwa sauti kavu ya mtu aliyefunga, "Sisi bado baba, tumefunga." Kwa hiyo kama unatuma hela ya Idi nyumbani usihesabu Idi ya kwako, na pia usisubiri ya kwao, tuma kabla ya 29 maana benki za huku zitakuwa zimefungwa na eksichenji zinafungua kwa masaa mafupi na foleni yake we acha tu, mafundi, madereva, mayaya, kila mtu kakumbuka kwao siku moja.

Tangazo unalipata wapi sasa. Watumishi wa serikali wana tangazo lao na kampuni binafsi wana lao kutoka wizara ya kazi, wenyewe huku tunaiita Mohre. Siku hizi siku zinafanana mara nyingi lakini usimwoneshe bosi wako tangazo la serikali ukasema naona tumepewa, subiri la Mohre. Picha za watsap zenye nembo ya falcon na tarehe zilizoandikwa kwa rangi nyekundu ziache zipite, nyingine ni za mwaka juzi zimebadilishwa namba. Na hilo tangazo mara nyingi linakuja na "kama": mwaka huohuo 2025 lilisema likizo ni Mfunguo Mosi 1 mpaka 3, na kama Ramadhani itatimia 30 basi na hiyo 30 inaongezwa. Lisome mpaka mwisho.

Halafu kuna kuhamisha. Baraza la mawaziri linaweza kuchukua sikukuu iliyoangukia katikati ya wiki likaisogeza ikashikana na wikendi. Idi hazisogezwi, ila Maulidi na mwaka mpya wa Kiislamu ndio wanazipenda kuzisogeza. 2023 Maulidi yaliangukia Jumatano Septemba 27, likizo ikawa Ijumaa 29. 2025 mwaka mpya wa Kiislamu ulikuwa Alhamisi Juni 26, likizo ikapelekwa Ijumaa 27. Kwa hiyo ukiona Maulidi yako Jumatano usikimbilie kupanga safari ya Jumatano, nusu ya watu wa kwangu walishawahi kuamka wakavaa kanzu zao na supavaiza anapiga simu mko wapi. Na ikiangukia Jumapili yenyewe, kama mwaka mpya wa Kiislamu wa 2024 ulioangukia Julai 7, imeliwa na wikendi, usidai.

Sasa hela, hapa soma polepole. Sheria ya kazi ya 2021, ile namba 33, inasema sikukuu ni mapumziko yenye mshahara kamili. Ukifanyishwa kazi siku hiyo mwajiri achague, akupe siku nyingine ya kupumzika badala yake, au akulipe hiyo siku kama siku ya kazi na juu yake nyongeza isiyopungua nusu ya besiki, yaani mshahara wa msingi, ya siku hiyo. Besiki ndio neno la kushika. Mshahara wako unaweza kuwa dirhamu 2,500 lakini kwenye mkataba besiki ni 1,500 na iliyobaki ni nyumba na usafiri, nyongeza inahesabiwa kwenye 1,500. Gawa kwa 30 unapata 50 kwa siku, nusu yake 25. Sio utajiri lakini ni yako, na siku tatu za Idi ni 75. Wengi wanachagua ofu ya badala, mimi pia napenda ofu, tatizo ofu ya mdomoni inayeyuka. Kuna mwaka nilifanya Idi zote mbili, supavaiza akasema utapumzika "baadaye", baadaye akahamishwa tawi na aliyekuja hana habari na mimi. Tangu siku ile nikishamaliza shifti ya sikukuu naandika ujumbe mfupi kwa watu wa HR, nimefanya kazi tarehe fulani, naomba ofu tarehe fulani au malipo. Mistari miwili tu. Hakuna aliyenikasirikia.

Dada zetu wa kazi za ndani hawako kwenye sheria hiyo. Wana ya kwao ya mwaka 2022, namba 9, inayowapa siku moja ya mapumziko kwa wiki yenye malipo, saa 12 za kupumzika kwa siku na nane kati yake ziwe mfululizo, na siku 30 za likizo kwa mwaka. Zile siku za Idi ndio nyumba inajaa wageni na masufuria, kwa hiyo zungumza na madamu wiki moja kabla, mwambie siku yangu ya mapumziko wiki ya Idi iwe ya tatu au ya nne mambo yakishatulia. Ukiomba Idi mosi utakosa na ukiomba Idi nne utapata na hela ya Idi juu.

Likizo ya mwaka nayo ina mtego wake. Ukishatimiza mwaka unapata siku 30, na ni siku za kalenda, wikendi ndani. Sasa sikukuu ikiangukia katikati ya likizo yako inahesabiwa ni sehemu ya likizo, imekwenda, labda mkataba wako uwe unasema vingine. Watu wanafurahi "nimechukua likizo inayobeba Idi" kumbe wameiunguza Idi. Unachotakiwa ni likizo iishie siku moja kabla ya Arafa ili Arafa na Idi zije baada yake zikiwa bure, au likizo ianze siku moja baada ya Idi kuisha. Kwa Idi kubwa hii inawezekana vizuri kwa sababu unaijua mapema, unapata siku 34 kwa bei ya 30, na wikendi ikikaa vizuri inakuwa zaidi. Mwajiri ana haki ya kupanga tarehe ya likizo kulingana na kazi kwa hiyo peleka ombi miezi mitatu kabla, kila mtu anataka wiki hiyohiyo.

Wanaokuja kufunga mzigo. Msije wiki ya Idi ndogo, nimesema. Rafiki yangu alishuka mwezi 27 Ramadhani, siku ya kwanza kalala, ya pili kazunguka Naif na Deira kachagua nguo za watoto na viatu, kalipia, mzigo ukawa kwenye maroba mlangoni mwa duka. Usiku wa 29 mwezi ukaandama. Ofisi ya kago kufuli, kijana wa duka kaenda kuswali hajarudi mpaka kesho kutwa, tiketi ya jamaa Idi pili. Akaondoka na begi la mkononi, mzigo ulimfuata wiki tatu baadaye na gharama za kuhifadhi juu. Ukija, njoo siku kumi kabla ya Idi au wiki moja baada, na ndani ya Ramadhani nunua jioni, wachuuzi wa mchana wana njaa na hawapunguzi bei, baada ya futari maduka yanachangamka mpaka usiku sana. Ijumaa mchana wakati wa swala usitegemee duka, wengi wanafunga kisha wanarudi alasiri.

Viza. Angalia tarehe ya kuisha, ikiangukia ndani ya siku za Idi ishughulikie kabla. Kuzidisha siku ni dirhamu 50 kila siku, na afisa hajali kama ulikuwa unangoja ofisi zifunguliwe. Ubalozi nao mara nyingi unafunga sikukuu za huku na unafunga za nyumbani pia, kwa hiyo pasipoti yako iliyokaribia kuisha ina kalenda mbili za kuikwamisha.

Ramadhani yenyewe sio likizo ila masaa yanapungua, kampuni binafsi zinapunguza saa mbili kwa siku na ni kwa wote, aliyefunga na asiyefunga, usikubali kuambiwa wewe hujafunga basi fanya nane. Kula mchana siku hizi mahoteli yanafungua bila mapazia Dubai, lakini kutafuna barabarani mbele za watu ni kukosa adabu, kula ndani. Na dakika kumi na tano kabla ya magharibi usiwe barabarani kama unaweza, watu wanaendesha kama wanakimbizwa.

Siku ya Idi swala ni mapema, jua likishachomoza kidogo tu, ukifika saa mbili umekuta watu wanakunja miswala. Metro na mabasi yanabadilisha masaa, angalia tangazo la RTA, mamlaka ya usafiri ya Dubai, usiku. Maegesho ya kulipia Dubai ni bure siku za sikukuu isipokuwa yale ya majengo ya ghorofa, hapo mita inaendelea kukuhesabia na faini ipo. Idi kubwa kama unachinja usichinje uani wala kwenye maegesho kama nyumbani, ni marufuku, nenda machinjio ya manispaa, ile ya Al Qusais inajaa Idi mosi asubuhi mpaka unachoka kusimama, wajanja wanapeleka mbuzi Idi pili na damu ya mbuzi ni ileile. Watoto wa jirani wakikugongea mlango wanataka idiya, weka noti za dirhamu tano tano mfukoni kuanzia jana yake kwa sababu siku ya Idi chenji haipatikani popote.

Na kuna siku moja ambayo haimo kwenye kalenda yoyote. Sheikh Khalifa, aliyekuwa rais wa Imarati, alipofariki Mei 13, 2022, kazi zilisimama siku tatu, serikali na kampuni binafsi, bendera zikashushwa nusu mlingoti siku 40. Siku kama zile muziki unazimwa, sherehe zinaahirishwa, na mtu hapigi picha za kucheka mitandaoni. Sisi tulipata taarifa tukiwa kazini mchana, tukamalizia shifti, tukafunga milango tukarudi chumbani, na wale wale sita waliokesha wanangoja mwezi wakakaa kimya kila mtu kitandani kwake.